Radieta ya sebuleni imetoboka: naweza kuibadilisha mwenyewe?

SWALI: Assalaam aleikum mafundi. Tuna nyumba yetu hapa Leicester, zile za matofali zilizoshikana mtaa mzima. Radieta ya sebuleni ni ya bamba moja, urefu wake kama mita moja. Imeanza kutoa maji kwa chini na kapeti limeshika weusi. Hata kabla ya kuvuja, chumba kilikuwa hakipati joto ikifika Januari. Boila yetu ni kombi, yaani moja inayopasha maji ya radieta na ya bomba, iko jikoni, hatuna tangi juu ya dari. Mimi ndiye mwenye mkono wa ufundi hapa nyumbani: bomba la sinki nimebadilisha, mashine ya kufulia nimeifunga mwenyewe. Je, naweza kubadilisha radieta bila kuvunja sheria? Ninunue ya aina gani? Na ni lazima nimwage maji ya nyumba nzima?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Majibu mafupi kwanza. Ndiyo, unaweza, na sheria haikukatazi. Nunua yenye urefu uleule lakini mabamba mawili, ilimradi mabomba yako yakubali kusogea kidogo kutoka ukutani. Na maji ya nyumba nzima huna haja ya kuyamwaga kama koki zako mbili zinafunga kweli. Hilo la koki ndilo litakaloamua kama hii ni kazi ya asubuhi moja au ya siku mbili, kwa hiyo lipime kabla hujatoa hata senti dukani.

Kuhusu sheria: Uingereza kinacholindwa ni gesi. Kufungua kasha la boila au kugusa bomba lake la gesi ni kazi ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, daftari la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la CORGI mwaka 2009. Radieta ni maji matupu, na mwenye nyumba anaweza kuishika. Wasomaji waliopanga hali yao ni nyingine: sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atengeneze mfumo wa kupasha joto. Mpangaji amwandikie mwenye nyumba, spana aiache kabatini.

Hakikisha ni bamba linalovuja

Maji yakitoka kwenye koki hutambaa kwenye ukingo wa chini na kudondokea mbali, kwa hiyo tone linaloonekana katikati ya radieta laweza kuwa limeanzia pembeni. Kausha kila kitu. Zungushia tishu kavu kwenye shina la kila koki, kwenye nati kubwa inayounganisha koki na radieta, na kwenye nati ya chini inayoshika bomba. Kisha bandika vipande kadhaa kwenye mshono wa chini wa bamba. Rudi baada ya nusu saa uone ipi imelowa kwanza.

Ikiwa ni shina la koki, ile nati ndogo inayolizunguka ikazwe robo mzunguko na mara nyingi kesi imekwisha. Huhitaji radieta mpya. Ikiwa ni mshono au kitundu kama cha sindano kwenye bamba, kutu imekula chuma kutoka ndani. Dawa za kumimina za kuziba vitundu hatuzipendi kwa hali kama hii, kwa sababu chuma kilichotoboka mahali pamoja kimeshakonda na mahali pengine. Mpaka siku ya kazi, funga koki zote mbili na uache beseni chini. Vyumba vingine vitaendelea kupata joto kama kawaida.

Weusi ulioingia kwenye kapeti ni oksidi ya chuma, yaani chuma cha radieta zako kilichogeuka unga laini. Oksijeni ndiyo inayokila chuma hicho, nayo huingia na maji mapya. Kwa hiyo jiulize: ni mara ngapi umekuwa ukijaza maji kwenye boila ili geji ya presha ipande? Kama ni kila wiki au kila mwezi, umekuwa ukiilisha kutu bila kujua, na radieta nyingine ziko safarini kuelekea hukohuko. Tutalirudia hili kwenye dawa.

Jaribio la koki

Zima mfumo na uache radieta ipoe kabisa. Soma geji ya boila na uandike.

Upande mmoja una koki yenye kichwa cha namba 1 hadi 5, ile inayojirekebisha kwa joto la chumba na kuuzwa kwa jina la TRV. Usiifunge kwa kuzungusha hadi alama ya theluji ukadhani imefunga. Alama ile ina maana kwamba koki itajifungua yenyewe chumba kikipoa sana, kuzuia maji yasigande, na usiku wa Januari na dirisha wazi hilo linaweza kutokea radieta ikiwa haipo ukutani. Fungua ile nati ya mviringo chini ya kichwa, ng'oa kichwa chote, kisha funga kofia ya kukandamiza shina inayokuja na koki ikiwa mpya. Kofia hiyo ikipotea, tafuta nyingine ya aina ya koki yako.

Upande wa pili uko na koki iliyofunikwa kofia ya plastiki isiyozunguka kitu, mafundi wa huku huiita lokishildi. Ondoa kofia, shika shina kwa spana ndogo, zungusha kwa mwendo wa saa huku ukihesabu robo moja moja mpaka ikome. Andika hesabu kwenye kipande cha tepu ya karatasi na ukibandike kwenye bomba: "mzunguko 1 na robo", kwa mfano. Hesabu hiyo ndiyo kipimo cha maji ambacho fundi wa kwanza aliipa radieta yako, na utaihitaji.

Sasa weka kitambaa chini ya kitoa upepo, ile skrubu ndogo ya pembe nne juu pembeni, na uifungue nusu mzunguko kwa ufunguo wake. Maji yataruka kwa presha, yatalegea, kisha yatakoma. Funga, urudi kwenye geji. Ikibaki palepale ilipokuwa, koki zote mbili zinafunga, na kazi ni ya asubuhi moja. Maji yakiendelea kutoka dakika nzima na geji inashuka, koki moja inapitisha. Usiikaze kwa nguvu za hasira; shina la koki ya zamani hukatika. Hapo itabidi umwage mfumo ubadilishe na koki, au umwite fundi mwenye mashine ya kugandisha maji ndani ya bomba. Kwa mtu anayefanya hii mara ya kwanza, koki inayopitisha ndiyo sababu nzuri ya kupiga simu.

Kuchagua radieta

Hapa ndipo watu wengi hujitia matatizoni. Wanapima radieta peke yake, na mabomba hawayapimi.

Chukua vipimo vitatu kwa milimita. Cha kwanza ni urefu wa bamba, ukingo kwa ukingo, bila koki. Cha pili, umbali kutoka katikati ya bomba la kushoto hadi katikati ya bomba la kulia. Cha tatu ni umbali kutoka ukutani hadi katikati ya bomba. Cha kwanza kinaweza kukushtua. Radieta za zamani zilitengenezwa kwa inchi, na ya inchi 40 ina milimita 1,016 wakati ya leo ina 1,000 kamili. Zile milimita 16 zinatosha kuacha nati isifike. Dawa yake ni mkia mrefu wa kurekebishika. Mkia ni kile kipande kifupi chenye tredi kinachoingia ndani ya radieta na kuvaa nati ya koki. Pengo la sentimita moja au mbili mkia huo unalimaliza. Radieta ndefu kuliko ya kwanza haina dawa rahisi: mbao za sakafu zinafunguliwa na mabomba yanahamishwa.

Joto sasa. Dukani utaona aina ya 11, ya 21 na ya 22. Namba ya kwanza ni idadi ya mabamba, ya pili ni idadi ya safu za mapezi ya bati yaliyo nyuma yake. Kwa kimo cha milimita 600 na urefu wa 1,000, aina ya 11 hutoa karibu wati 1,000, ya 21 kama 1,350, na ya 22 kama 1,700. Kila mtengenezaji ana yake, soma karatasi yake. Lebo zenye BTU, kipimo kingine cha joto, gawanya kwa 3.4 upate wati. Na uangalie wati hizo zimepimwa katika hali gani. Kipimo cha kawaida cha Ulaya ni maji kuingia kwa nyuzi 75, kutoka kwa 65, na chumba kuwa na 20, yaani tofauti ya nyuzi 50 kati ya wastani wa radieta na hewa. Muuzaji anayetangaza namba kubwa kwa tofauti ya 60 anakupa radieta ileile kwa maneno matamu.

Kwa nyumba ya zamani ya tofali zito lisilo na sufi ndani, mafundi hukisia wati 100 kwa kila mita ya mraba, na zaidi kidogo kama dirisha ni kubwa. Ni kisio, lakini kinatosha kuonyesha tatizo lako: tuseme sebule ni ya mita 4 kwa 3.6, inataka wati 1,400 na ushei, na bamba lako moja halikuwahi kutoa zaidi ya 1,000 hata likiwa jipya. Chumba kilikuwa baridi kabla ya kutu kuanza. Aina ya 22 ya urefu uleule inakutosha, na mabomba yanabaki yalipo kwa upande wa kushoto na kulia.

Ila si kwa upande wa mbele na nyuma, na hili wauzaji hawalisemi. Radieta ya mabamba mawili ni nene, kwa hiyo matundu yake ya koki yako mbali zaidi na ukuta, kwa kawaida sentimita 2 au 3 zaidi kuliko ya bamba moja. Mchoro wa mtengenezaji huonyesha umbali kamili kutoka ukutani hadi katikati ya tundu. Ulinganishe na kipimo chako cha tatu. Mabomba yakitoka kwenye sakafu ya mbao, shika bomba karibu na koki ulivute taratibu kuelekea kwako. Likija sentimita mbili au tatu bila kugoma, huna wasiwasi. Pengine utapanua tundu la ubao kidogo kwa tupa ili bomba lisisugue na kulia kila likipata moto. Likiwa limezikwa kwenye zege au linatoka ukutani, usilipinde. Chukua aina ya 21, ambayo ni nyembamba, au bamba moja refu kwenda juu: kimo cha 700 badala ya 600 hakigusi mabomba hata kidogo, japo ongezeko lake la joto ni dogo. Acha angalau sentimita 10 kati ya juu ya radieta na kizingiti cha dirisha ili hewa ya moto ipite.

Mikia ya zamani ukiisafisha itumie tena, maana uso wake umeshazoeana na uso wa koki zako. Mkia wa kampuni moja kwenye koki ya nyingine huweza kukaa vizuri kwa macho na kuvuja kwa maji.

Kutoa ya zamani

Vifaa: spana malaya mbili au moja na praizi ya bomba, ufunguo wa mkia (ule wenye ngazi ngazi unaoingia ndani ya mkia), ufunguo wa kitoa upepo, pima maji, drili, brashi ya waya, beseni la kina kifupi linalopita chini ya koki, ndoo, mataulo ya zamani. Kunja kapeti kama unaweza. Tandika nailoni kwanza, mataulo juu yake. Ukitandika mataulo peke yake weusi utapita.

Koki zikiwa zimefungwa, weka beseni chini ya moja. Shika mwili wa koki kwa praizi, nati kubwa kwa spana. Mikono miwili ivutane kinyume, ili nguvu iishie kwenye nati na isilinyonge bomba chini ya sakafu. Watu hugeuza nati hii upande usio wake kwa sababu wanaitazama kutoka upande wa koki. Jiweke upande wa radieta ukitazama koki: kinyume cha saa ndiko kulegea.

Legeza robo tu. Maji meusi yataanza kuchuruzika. Kitoa upepo kikiwa kimefungwa, maji hutoka kwa kusitasita. Ukikifungua, hewa inaingia juu na maji yanamiminika. Basi kitumie kama bomba: fungua, jaza beseni, funga, mwaga kwenye ndoo, rudia. Radieta yako ina lita 3 hivi. Ukiona ndoo ya lita 10 inajaa na maji bado yanakuja, kaza nati na usimame, koki inapitisha. Maji haya mwaga chooni, si kwenye mfereji wa barabarani unaokwenda mtoni.

Maji yakikoma, legeza na nati ya pili, fungua zote, na uinue radieta kutoka kwenye braketi ukiilaza upande ili masalia yatokee beseni. Tope zito hubaki chini na halitoki kwa kuinamisha mara moja. Radieta mpya huja na vizibo vya plastiki kwenye matundu yake manne. Vitoe huko uvifunge kwenye ile ya zamani kabla hujaivusha mlangoni. Kapeti la ukumbini litakushukuru.

Braketi

Za zamani mara chache zinafaa. Laza radieta mpya kifudifudi juu ya blanketi. Nyuma yake kuna masikio yaliyochomelewa. Usipime kimo kutoka sakafuni kwa sababu eti kitabu kimesema sentimita 15. Pima kutoka kwenye koki, maana koki haziwezi kupanda wala kushuka. Tuseme katikati ya mdomo wa koki iko milimita 160 kutoka sakafuni, na kwenye radieta umbali kutoka katikati ya tundu la chini hadi pale sikio linapokalia ndoana ya juu ni milimita 480: ndoana ikae milimita 640. Sakafu za nyumba hizi zimelala upande, kwa hiyo pima kwenye koki zote mbili. Zikitofautiana milimita chache, fuata pima maji, na kitoa upepo kiwe upande ulioinuka ikiwa kuna upande wa kuinuka.

Kwa kushoto na kulia, tafuta katikati ya mabomba mawili, piga mstari wima ukutani, na umbali wa masikio uupime kutoka kwenye mstari huo.

Aina ya 22 ya ukubwa huu, ikijaa maji, inakaribia kilo 40, na bado mtoto ataiegemea. Kwenye tofali, toboa tundu la milimita 7, plagi ya ukutani ya kahawia, skrubu ya milimita 5 kwa 60 au 70. Urefu huo si wa kujionyesha: plasta ya nyumba za zamani ina unene wa sentimita 2 na zaidi, na plasta haibebi kitu, lazima skrubu iingie kwenye tofali lenyewe. Usitoboe kwenye mstari wa udongo kati ya matofali. Ukiona unga unabadilika kutoka mwekundu kuwa wa kijivu, sogea. Ukuta wa jipsamu unataka mbao nyuma yake au plagi maalumu zilizoandikwa uzito zinaoubeba. Kabla ya kutoboa pitisha kifaa cha kutambua nyaya na mabomba, hasa kwenye mistari ya wima na ya mlalo kutoka soketi zozote zilizo karibu.

Kufunga mpya

Ikiwa bado iko juu ya blanketi, funga mikia. Sugua tredi za zamani kwa brashi ya waya mpaka ute wa tepu ya zamani uishe. Zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko 10 hadi 15 kwa ile nyembamba, ukiivuta ijikaze ndani ya tredi. Mwelekeo: elekeza tredi usoni kwako, zungusha kwa mwendo wa saa. Ukizungusha kinyume, tepu itakunjuka wakati mkia unaingia, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mikia kuvuja kwa wanaoanza. Ingiza kwa mkono mizunguko miwili mitatu kwanza. Ikigoma mapema, toa, tredi zimepandana. Malizia kwa ufunguo wa mkia hadi iwe ngumu.

Juu kuna matundu mawili: moja la kizibo, moja la kitoa upepo. Vingi vya siku hizi vina pete ya mpira na havitaki tepu. Kizibo kifunge. Tundu la kitoa upepo liache wazi kwanza.

Ni watu wawili wa kuinua. Iteremshe kwenye braketi, ipeleke kushoto au kulia kidogo mpaka mikia itazame midomo ya koki. Uso wa mkia na wa koki uwe msafi. Hapa tepu haifai kitu, kwa sababu kinachoziba ni nyuso mbili za shaba zinapobanana. Ukitaka, paka utando mwembamba wa mafuta ya kuunganishia mabomba. Nati ivae kwa vidole mpaka mwisho. Ikihitaji spana tangu mwanzo, mkia na koki havijanyooka, na kuilazimisha kutakuachia tone lisilokoma. Kisha spana na praizi, mikono ikivutana kama mwanzo, nusu mzunguko hadi tatu robo baada ya vidole.

Sasa lile tundu la juu lililo wazi. Weka faneli na umimine dawa ya kuzuia kutu, ile inayouzwa kwa jina la inhibita. Chupa moja kwa kawaida inatosha nyumba ya radieta 8 hadi 10. Kiasi kimeandikwa ubavuni. Ulichomwaga ni sehemu ndogo tu ya maji ya mfumo, lakini kwa weusi ulioutaja ni wazi kwamba dawa ya zamani imeisha au haikuwahi kuwekwa, kwa hiyo mimina chupa nzima. Njia hii ni rahisi kuliko zote kwenye mfumo wa kombi, na nafasi kama hii hutaipata tena mpaka utoe radieta nyingine. Funga kitoa upepo.

Kujaza

Fungua lokishildi nusu mzunguko tu kwa sasa. Maji yataanza kuingia na geji ya boila itashuka karibu na sifuri. Usishtuke. Fungua kitoa upepo, hewa ipulize. Msaidizi awe jikoni kwenye mpira wa kujazia ulio chini ya boila, ule wa waya uliosukwa wenye koki mbili. Boila nyingine zina ufunguo wa ndani badala ya mpira. Ajaze polepole, geji isipite baa 1.5 (baa ni kipimo cha presha). Upepo ukiisha na maji yakatoka mfululizo, funga kitoa upepo. Fungua lokishildi hadi ile hesabu yako, rudisha kichwa cha TRV kikiwa kwenye namba 5, na uache geji kwenye baa 1.2 hivi mfumo ukiwa baridi. Funga koki zote mbili za mpira wa kujazia, na mpira wenyewe ufunguliwe utoke: kanuni za maji za mwaka 1999 haziruhusu uachwe umeunganishwa, na koki yake ikipitisha itapandisha presha hadi valvu ya usalama ifunguke kwenye baa 3.

Pangusa kila kiungo mpaka kikauke, subiri dakika 10, pitisha tishu. Tishu husema ukweli ambao kidole hakisemi. Kisha washa, iache ipate moto kabisa, pitisha tena. Shaba ikitanuka, kiungo kilichokuwa kavu huweza kutokwa na jasho. Kaza robo ndogo. Ikipoa, toa upepo mara nyingine na urudishe geji.

Ikivuja kwenye nati kubwa hata baada ya kukazwa, usiendelee kukaza. Funga koki, legeza, tazama uso wa mkia: mara nyingi kuna chembe ya tope au kovu. Ikivuja pale mkia unapoingia kwenye radieta, tepu haikutosha au ilizungushwa kinyume, na hakuna njia ila kutoa.

Baada ya hapo

Radieta yako mpya inataka maji zaidi kuliko ile ya kwanza. Kama iko karibu na boila, inaweza kuinyima iliyo chumbani juu. Gusa, au bora upime, bomba la kuingia na la kutoka mfumo ukiwa umewaka nusu saa. Tofauti ya nyuzi 11 hadi 20 ni nzuri. Ikiwa ndogo, maji yanapita mbio: funga lokishildi robo, subiri robo saa, pima tena. Ikiwa kubwa sana na chini ya radieta ni baridi, fungua.

Kisha fanya jambo ambalo wengi waliobadilisha radieta hawalifanyi: shusha joto la maji ya kupasha nyumba kwenye boila, lile lenye alama ya radieta, si la bomba la kuogea. Maji yakiingia kwa 60 na kutoka kwa 50, radieta hutoa kama asilimia 63 ya wati za lebo. Ile ya 1,700 itatoa 1,070 hivi, zaidi ya bamba lako la zamani lilipokuwa katika ubora wake, na boila inarudishiwa maji ya ubaridi unaoiwezesha kunasa joto la mvuke unaotoka kwenye bomba la moshi. Kwenye siku za barafu pandisha. Radieta nyingine zikiwa ndogo, vyumba vyake ndivyo vitakavyokuambia umeshusha mno.

Kama kidhibiti joto cha ukutani kiko sebuleni humo humo, TRV ya hapo ibaki wazi kabisa. Zikishindana mbili, TRV itafunga, kidhibiti kitaona chumba hakijafika, na boila itawaka mchana kutwa ikipasha vyumba vya juu. Na kama kuna sofa mbele ya radieta, nalo lisogezwe.

Soma geji kila asubuhi kwa wiki moja mfumo ukiwa baridi. Kushuka kidogo siku mbili za mwanzo ni upepo unaojitafutia njia. Ikiendelea kushuka na tishu zote ni kavu, tazama bomba dogo la shaba linalotoka ukutani nje nyuma ya boila. Likidondosha maji, au geji ikipaa kuelekea 3 kila mfumo ukipata moto, tatizo ni tangi la kutanukia lililo ndani ya boila au valvu ya usalama. Hilo liko ndani ya kasha, na ni la fundi wa Gas Safe.